Mikono Nayo Iende Shule



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yatangazwapo, nyumba nyingi za nchi yetu huingiwa na furaha na mashaka pamoja. Furaha, kwani mtoto amepata diploma yake. Mashaka, kwani sasa yapasa kuamua aende chuo gani, ajifunze kazi gani, na fedha zitoke wapi. Baba huwaita ndugu zake, mama hufungua kitambaa alimoficha akiba yake, mjomba naye hutoa shauri. Na siku hizi shauri hilo mara nyingi huishia katika neno moja: “Asome uganga.” Kwani kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa muganga, awe daktari ama mwuguzi. Na fedha zisipotosha kwa miaka mingi ya udaktari, wazee husema: “Basi, asome lisansi ya uuguzi.”

Juma hili twapenda kusema nanyi juu ya lisansi hiyo. Hatutaki kumvunja mtu moyo. Nchi yetu yahitaji wauguzi waliosoma vema. Lakini twasikia maneno mawili ambayo yatupasa kuyapima. Neno la kwanza husemwa na wazazi: “Mwenye lisansi hawezi kuosha wagonjwa, hiyo ni kazi ya wasiosoma.” Neno la pili husemwa na watu wa kazi wa zamani: “Uuguzi hauhitaji lisansi, mkono ukizoea, yatosha.” Maneno haya yapingana, lakini yana kosa moja: yote mawili yatenga kichwa na mkono. Sisi twasema kwamba lisansi ya uuguzi ni shule ya kichwa na ya mikono pamoja. Mzazi alipiaye kichwa tu amelipia nusu, na nusu ile iliyokosekana ndiyo itakayomgusa mgonjwa.

Ngazi za masomo

Kwanza tueleze jinsi ngazi zilivyo, ili kila mzazi ajue aulizacho. Nchini mwetu wauguzi wamehesabiwa kwa muda mrefu kwa alama tulizozipata katika shule za Wabelgiji: A3, A2, A1, na juu yake A0. Ngazi ya A3 imekwisha kuondolewa katika mafundisho. A2 ni yule aliyesoma shule ya sekondari ya uganga, ambayo twaijua kwa herufi ITM, chini ya Wizara ya Afya. A1 ni yule aliyepata diploma ya Serikali, kisha akasoma miaka 3 katika chuo cha juu, yaani ISTM, chini ya Wizara ya Masomo ya Juu. Vyuo vya namna hiyo viko Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu na kwingineko. Aliyeongeza miaka 2 baada ya A1 aliitwa mwenye lisansi, yaani A0.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mambo yamebadilika. Vyuo vyetu vilianza kufuata utaratibu uitwao LMD, maana yake lisansi, masta na dokta. Katika utaratibu huo lisansi ndiyo shahada ya kwanza, tena hupimwa kwa miaka 3 na krediti 180. Kwa hiyo mtoto aingiaye chuoni leo haendi tena kutafuta gradua kwanza na lisansi baadaye. Lisansi ndiyo mlango wake wa kwanza. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2016 iliunda Baraza la Wauguzi la taifa, ili kazi hii iwe na wenyewe wanaojulikana na sheria za mwenendo zinazolindwa.

Haya yote ni mema. Lakini jina la shahada laweza kupanda bila mikono kupanda nayo, na hapo ndipo hatari yetu ilipo.

Kazi ya zamani kwetu

Uuguzi si kazi ngeni katika nchi hii. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kiliunda shirika la FOMULAC, ambalo lilijenga hospitali na shule ya uganga Kisantu, na baadaye hospitali ya Katana katika Kivu. Vijana wetu walijifunza huko kufunga vidonda, kutazama damu kwa darubini, kuwahudumia wenye malale na wenye malaria. Wengi walikuwa wanaume, kwani siku zile wasichana wachache tu walipelekwa shule. Ndiyo sababu mtu asemaye leo kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake tu hajui habari za babu zake.

Na mwaka 1960, madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka katika majuma ya kwanza ya uhuru, ni nani waliobaki kando ya vitanda? Ni wauguzi na wasaidizi wa madaktari. Baadhi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya la Dunia ili wakamalize masomo ya udaktari. Wengine walibaki, na kwa mikono yao hospitali hazikufungwa. Hawakuwa na shahada kubwa, lakini walikuwa wamefundishwa kwa saa nyingi mbele ya wagonjwa, chini ya jicho la mwalimu.

Nusu ya saa ni za mgonjwa

Tutazame sasa kule zilikotoka alama zetu za A1 na A2. Ubelgiji leo una shahada za kwanza za namna mbili. Ya kwanza ni ya elimu ya kitabu, imtayarishayo mwanafunzi kwa masomo marefu zaidi ya chuo kikuu. Ya pili ni ya kazi, imtayarishayo mtu ashike kazi yake mara amalizapo. Mwuguzi hujifunza katika hii ya pili, na shahada yake huitwa bacheleri. Tangu mwaka 2016 masomo hayo huchukua miaka 4 badala ya 3.

Kwa nini waliongeza mwaka mzima? Kwa sababu ya mikono. Sheria ya Umoja wa Ulaya yadai kwamba mwuguzi wa wagonjwa wote apate masomo ya saa 4600 kwa uchache. Katika hizo, theluthi moja kwa uchache iwe ya mafundisho ya darasani, na nusu kwa uchache iwe ya kazi mbele ya mgonjwa mwenyewe. Nusu ya 4600 ni saa 2300. Ukihesabu saa 8 kwa siku, utaona kwamba mwanafunzi yule hukaa siku 287 na zaidi kando ya vitanda kabla hajaitwa mwuguzi. Wabelgiji waliona kwamba miaka 3 haikutosha vema kwa hesabu hiyo pamoja na masomo mengine, wakaongeza wa 4.

Angalieni jambo hili, wazazi. Nchi yenye mashine nyingi na vitabu vingi haikusema: “Mwenye shahada asiguse beseni.” Ilisema kinyume: mwenye shahada hapati shahada mpaka ameligusa beseni saa nyingi sana.

Wala mawazo hayo si mapya. Mwaka 1860 mwanamke wa Kiingereza, Florence Nightingale, ambaye alikuwa amewahudumia askari majeruhi katika vita vya Krimu, alianzisha shule ya wauguzi London. Hakuijenga mbali na wagonjwa; aliiweka ndani ya hospitali ya St Thomas', ili wanafunzi wasikie mafundisho na kuyatenda siku ileile. Mwaka 1907 Daktari Antoine Depage alifungua shule ya namna hiyo Brussels, na kuiweka mkononi mwa Edith Cavell, mwuguzi Mwingereza. Kisha ikaja vita ya 1914, naye Cavell akawaficha askari na kuwasaidia kuvuka mpaka. Wadachi walimpiga risasi tarehe 12 Oktoba 1915.

Mkono hujifunzaje?

Labda mwanafunzi atauliza: “Kuna nini cha kujifunza katika kuosha, kupima na kuchoma sindano? Si mtu hutazama mara moja, kisha hufanya?” La, rafiki. Mkono hujifunza polepole, tena kwa utaratibu.

Katika chuo kizuri mwalimu hufanya kwanza kitendo chote kimya, mwanafunzi akitazama. Kisha hukifanya tena akieleza kila hatua na sababu yake. Mara ya tatu mwanafunzi husema hatua, mwalimu akitenda. Mara ya nne mwanafunzi hutenda mwenyewe, juu ya sanamu ya mtu, mara nyingi, hata mkono usitetemeke. Baadaye tu ndipo huenda staji hospitalini, akatenda juu ya mgonjwa, msimamizi akiwa amesimama karibu naye. Na mwisho kabisa huachwa atende peke yake, kazi yake ikiandikwa katika kitabu cha staji na kutiwa sahihi.

Tutoe mifano mitatu, ili hata mtoto wa shule ya msingi atuelewe.

Mfano wa kwanza ni kunawa. Kunawa mikono kwa maji na sabuni kama ipasavyo huchukua sekunde 40 hadi 60: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, vidole gumba, ncha za kucha. Tena Shirika la Afya la Dunia lataja nyakati 5 za kutakasa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo lolote lidailo usafi kamili, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kujua nyakati hizo kwa mtihani ni kazi ya jioni moja. Kuzitimiza usiku wa manane, wagonjwa 30 wakikungoja na ndoo ya maji ikiwa mbali, ni kazi ya miaka ya mazoea.

Mfano wa pili ni kuhesabu pumzi za mtoto mchanga mwenye kikohozi. Mwuguzi hutazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, ama mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni alama ya homa ya mapafu, naye ahitaji dawa upesi. Mwuguzi mvivu hutazama sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, au huandika hesabu aliyoibuni. Mtoto aliyekuwa akilia ataonekana mgonjwa kumbe si mgonjwa. Mwingine atarudishwa nyumbani, na usiku huohuo mama yake atalia. Hapa hakuna mashine. Kuna macho, saa na uaminifu.

Mfano wa tatu waonyesha kwamba mkono peke yake hautoshi. Daktari ameandika: serumu lita 1 kwa saa 8. Mrija hutoa matone 20 kwa kila mililita. Je, matone mangapi kwa dakika? Lita 1 ni mililita 1000, yaani matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya, wapata karibu matone 42 kwa dakika. Asiyejua hesabu hii hufungua mrija kwa kukisia. Maji yakiisha kwa saa 2 badala ya 8, mzee mwenye moyo dhaifu aweza kujaa maji katika mapafu yake na kufa kitandani, mrija ukiwa umechomwa vizuri kabisa. Mkono ulikuwa na ustadi. Kichwa hakikuwa na hesabu.

Mabomba matano ya Yambuku

Sasa twataja jambo zito, lililotokea katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1976 palikuwa na hospitali ya misioni Yambuku, katika wilaya ya Bumba, jimbo la Equateur. Ilikuwa na vitanda 120 na watumishi 17, miongoni mwao masera wa Kibelgiji. Watu walikuja kutoka mbali, kwani dawa ilipatikana pale, na wengi walipenda sindano kupita vidonge. Kila asubuhi watumishi walipewa mabomba 5 ya sindano kwa kazi ya siku nzima: kwa wagonjwa wa kutwa, kwa waliolazwa, na kwa akina mama wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, bomba na sindano vilisuuzwa katika sufuria ya maji ya vuguvugu. Jioni, mara nyingine, vilichemshwa.

Mwanzoni mwa Septemba aliingia ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto wa upande ule. Sindano zikauchukua kutoka mwili hata mwili. Wagonjwa walikuwa 318, na waliokufa 280. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masera pamoja nao. Tarehe 30 Septemba hospitali ilifungwa, kwani hapakuwa tena na watu wa kutosha wa kuifanyia kazi. Na hapo, wasomaji, ugonjwa ukaanza kupungua.

Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu wale. Walibaki na wagonjwa wao hata kufa, na heshima yao ni kubwa mbele yetu. Wala ugonjwa ule haukujulikana na mtu awaye yote duniani. Lakini yatupasa kusoma somo lililoandikwa kwa uhai wao. Mikono ya Yambuku haikuwa mivivu; ilichoma sindano nyingi kila siku, kwa wepesi wa mazoea. Kilichokosekana ni vyombo vya kutosha, na ile desturi isiyokubali kamwe kwamba sindano iliyomwingia mmoja imwingie mwingine kabla haijachemshwa. Basi huyo mzee asemaye “mkono ukizoea, yatosha” na ajue kwamba mkono huzoea mabaya kwa urahisi kama uzoeavyo mema. Elimu ndiyo iamuayo mkono uzoee nini.

Mwaka 1995 ugonjwa uleule ulifika Kikwit. Wagonjwa 315 walihesabiwa, na 80 katika hao walikuwa watumishi wa afya. Masera 6 wa shirika la Bergamo, Italia, walikufa wakiuguza. Walipoletewa glavu, miwani, barakoa na makoti ya kujikinga, na kufundishwa jinsi ya kuvitumia, maambukizo kati ya wauguzi yalikoma karibu kabisa. Vilevile katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu 2018 hadi 2020, ambako wagonjwa walikuwa 3470 na waliokufa 2287, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Lakini wauguzi walikufa tena, wengi wakiwa wameambukizwa katika zahanati ambamo hakuna aliyedhani kwamba homa ile ni Ebola. Jinsi ya kuvua glavu chafu bila kugusa ngozi yako yaonekana kama jambo dogo. Fundisheni jambo hilo dogo mara 100, kwani siku ya hatari hapatakuwa na wakati wa kufungua kitabu.

Maswali matano ya mzazi

Wenyeji husema kuuliza si ujinga. Siku hizi shule nyingi za uganga zimefunguliwa, nyingine nzuri, nyingine zina ubao wa rangi barabarani na darasa moja nyuma yake. Basi mzazi, kabla hujatoa fedha, nenda mwenyewe, na uulize hivi.

La kwanza: Chuo hiki kimekubaliwa na Wizara? Waombe wakuonyeshe barua yenyewe, na uende kuhakikisha katika ofisi ya jimbo.

La pili: Wanafunzi huenda staji katika hospitali gani, nayo ina vitanda vingapi? Wanafunzi 60 katika hospitali ya vitanda 20 watajifunza kutazamana migongo.

La tatu: Ni nani asimamaye pamoja nao kando ya kitanda? Kama hakuna msimamizi, mwanafunzi atafagia na kubeba maji miezi mitatu, kisha kitabu chake kitatiwa sahihi kana kwamba amejifunza. Kufagia si aibu, lakini si hicho ulicholipia.

La nne: Kuna chumba cha mazoezi, chenye sanamu ya mtu, kitanda, vipimajoto, vipimo vya msukumo wa damu, sindano na glavu? Omba kuingia. Vumbi juu ya sanamu litakuambia ukweli ambao mkurugenzi hatakuambia.

La tano: Waliomaliza hapa miaka iliyopita wako wapi? Nenda ukamwulize mmoja wao, na zaidi ukamwulize mgonjwa wake.

Tena, mzazi, hesabu fedha zote tangu mwanzo. Pamoja na malipo ya chuo kuna koti, viatu vyeupe, saa yenye mkono wa sekunde, kitabu cha staji, na nauli ya kwenda hospitalini kila siku kwa majuma mengi. Watoto wengi huanza vema, kisha huacha staji nusu kwa sababu ya nauli tu. Ni heri kungoja mwaka mmoja ukikusanya kuliko kuanza na kukatika njiani.

Neno kwa wanafunzi

Nanyi vijana mnaosoma bado katika sekondari, kazi hii huanza sasa. Shikeni biolojia na kemia, lakini msidharau hesabu: mmeona habari ya matone. Shikeni Kifaransa, kwani vitabu vya chuo vimeandikwa katika lugha hiyo. Wala msiache Kiswahili na lugha ya kijiji, kwani mgonjwa haumwi kwa Kifaransa. Mama atakuambia mahali panapomwuma kwa maneno aliyonyonya kwa mama yake, na usipoyaelewa, kipimo chako chote ni bure.

Jifunzeni ukweli. Mwuguzi aandikaye joto asilolipima ameandika uongo juu ya karatasi ambayo daktari ataifuata. Atakayelipa uongo huo ni aliyelala kitandani.

Jifunzeni pia kutoona kinyaa. Mgonjwa aliyechafuka kitandani aona haya kupita wewe uonavyo kinyaa. Ukimgeuza kwa upole, ukamwosha, ukamfunika, umefanya mambo matatu kwa mara moja: umemrudishia heshima yake, umezuia kidonda cha mgongo, na umeutazama mwili wake wote. Hapo ndipo uonapo uvimbe aliouficha, ngozi iliyoanza kuwa nyekundu, mguu usiokwenda sawa na mwenzake. Mwenye lisansi aoshaye mgonjwa huona mambo ambayo asiyesoma asingeyaona. Ndiyo sababu twasema kwamba kuosha ni kazi ya mwenye lisansi pia. Hakuja kwenye beseni kwa kuwa ameshushwa. Amekuja kwa kuwa macho yake yamefundishwa.

Mwingine atauliza: “Lisansi hiyo itanifikisha wapi?” Yaweza kukufikisha mbali. Mwenye lisansi aweza kuongoza wauguzi wenzake, kusimamia staji, kuendelea na masta, na kufundisha. Lakini kumbuka kwamba siku moja utasimama mbele ya wanafunzi 20 kando ya kitanda, nao watatazama vidole vyako kwanza, kabla ya kusikia maneno yako. Kile ambacho mikono yako haikujifunza, yao haitakijua.

Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta hung'aa, hata mishumaa hutengenezwa nayo, lakini mwenye njaa hashibi kwa nta. Nchi yetu ina njaa ya wauguzi. Tusiipe karatasi zing'aazo tu.

Basi, wazazi, ndugu zenu watakapokutana kuamua juu ya mtoto, na mtu atakaposema, “Asome lisansi ya uuguzi,” mkubali kwa furaha. Kisha mmwulize yule kijana mbele ya wote: “Mikono yako nayo iko tayari kwenda shule?” Akisema ndiyo, mpeni nauli.